Kandili Mdomoni mwa Gobori

Jumatano, 8 Mei 1912. Kizota.

Aibu tupu. Jana usiku ilikuwa zamu yangu kulinda shamba la mama mkwe, na nguruwe mwitu wamekula mtama wake, pembe nzima ya upande wa korongo. Nilikuwa juu ya dungu, jukwaa la kulindia, na gobori langu. Sikulala. Nilifumba macho ili masikio yafanye kazi vizuri.

Jina la mama mkwe silitaji, hata humu ninamoandika peke yangu. Kwetu Wagogo mtu na mama mkwe wake hawatajani wala hawatazamani usoni. Tangu nimuoe Raheli, mama yake nimemwona kisogo tu, tena kwa mbali. Mambo mengi nimeharibu. Hilo sijaharibu.

Shemeji Matonya, kaka yake Raheli, ameitangaza habari pombeni. Eti nguruwe walitafuna taratibu wasije wakaniamsha. Watu wakacheka mpaka vibuyu vikamwagika. Nikasema kosa ni la giza. Mwezi umekwisha, nitapigaje nisichokiona? Mimi niliyeua simba wawili kwa risasi moja! Matonya akauliza kama simba hao nao walikuwa wamelala.

Ijumaa, 10 Mei.

Maajabu stesheni! Mzungu mmoja wa reli amefunga taa ndogo chini ya mtutu wa bunduki yake. Haina mafuta, haina utambi. Akibonyeza, inawaka. Akiachia, giza. Mpishi wake kaniambia ni ya kupigia fisi usiku. Niliporudi niliwaambia watu nimeishika. Baadaye nikawaambia nimeipiga. Kufika jioni, mimi ndiye niliyemwonyesha Mzungu pa kuifunga.

Taa ile siipati. Lakini kandili si taa? Mbwana, mfanyabiashara wa Kondoa mwenye kibanda karibu na reli, ameniazima ya kwake. Nikamwahidi paja la mnyama wa kwanza. Akauliza mnyama gani. Nikamwambia nguruwe. Akasema astaghafiru, Sostenes, unataka kunishukuru au kunipeleka motoni? Tumekubaliana asali.

Jumamosi, 11 Mei.

Nimefunga kandili kwa kamba za ngozi. Raheli kapita, kasimama, kasema moto na baruti havilazwi kitanda kimoja. Kumbe nilikuwa nimeifunga karibu na fataki inayowasha baruti. Nikaisogeza mpaka mdomoni mwa mtutu. Nilikuwa naelekea kuisogeza kabla hajasema. Sasa gobori linainamisha kichwa kama mbuzi anayekunywa maji. Nitazoea.

Matonya alikuja kukagua, hakualikwa na mtu. Akasema anayewasha taa gizani ndiye anayeonekana. Nguruwe atajua umekaa wapi, umevaa nini, na kama umeoga. Nikamjibu kwamba mnyama akimulikwa hupigwa na bumbuazi, anasimama, unamtwanga. Mzungu si mjinga! Matonya akasema Mzungu halindi mtama wa mama yake.

Anyesi, binti wa dada yangu, alikuwa anatwanga pembeni. Akauliza: Mjomba, ukitaka kujua anayekuja ni nani, si itabidi umwelekezee bunduki kwanza? Nikamwambia asiye nguruwe hana la kuogopa. Akaacha kutwanga. Akanitazama. Wasichana wa siku hizi wanapenda kuuliza ya pembeni.

Jumatatu, 13 Mei.

Usiku wa kwanza wa kandili. Faida: shamba lilimulikwa. Hasara: mimi nilimulikwa zaidi. Mwanga ukanirudia machoni, nikawa naona kioo na nondo, basi. Nondo mmoja akaniingia puani. Nguruwe wakaja, nikawasikia wanaguna. Nikainua gobori, mikono ikatetemeka kwa uzito, mwanga ukacheza huku na huku, wakatimka wote! Hawakugusa suke hata moja.

Hasara kubwa sana! Taa inawafukuza kabla sijalenga. Shamba limepona, lakini sina nyama wala hadithi. Hadithi nitaitengeneza.

Raheli kapeleka habari kwa mama yake. Kasema mama mkwe kafurahi, kasema binti yake ameolewa na mwanamume. Maneno hayo sijawahi kuyasikia. Nilitembea kifua mbele mpaka mgongo ukauma.

Jumatano, 15 Mei.

Mkono unakataa kuandika. Naulazimisha.

Jana magharibi niliwahi kupanda dunguni kabla ya wakati wangu. Nilitaka kuwashtukiza nguruwe. Giza lilipoingia nikasikia mtama unachakacha. Kitu kinakuja polepole, kizito, kinapumua. Nikaifunua kandili niliyokuwa nimeifunika kwa nguo. Nikainua gobori. Nikaelekeza.

Mama mkwe.

Kibuyu kichwani, mikono yote miwili juu. Alikuwa ananiletea uji wa uwele na maziwa, mwenyewe, kwa miguu yake, kwa sababu ya shamba lake kupona. Alikusudia kuuacha chini ya dungu aondoke kabla sijafika. Hakuwa na mkono wa kujifunika uso. Mimi sikuwa na mkono wa kufunika kandili. Tukatazamana. Ana macho kama ya Raheli. Sikupaswa kulijua hilo hadi naingia kaburini.

Kibuyu kikaanguka, kikapasuka. Akageuka, akakimbia. Naye ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, na mbele yake kuna boma la miiba. Nikaingiwa na huruma. Nikasema ngoja nimmulikie njia asijikwae. Nikamfuata na mwanga, kushoto akienda kushoto, kulia akienda kulia, nikimpigia kelele asiogope.

Yaani nilimfuata na mtutu.

Sikuligundua hilo mpaka aliponasa kwenye miiba akainua mikono tena. Safari hii hapakuwa na kibuyu.

Leo alfajiri Raheli kachukua kanga zake na jungu lake kaenda kwao. Hakunigombeza. Matonya kaja mchana. Nilingoja mzaha wake, hakutoa hata mmoja. Hapo ndipo nilipoogopa. Kasema wazee watakaa keshokutwa. Wakikataa kunisamehe, dada yake harudi. Kasema risasi ingetoka, viboko hamsa ishirini vya Bomani kwa Wadachi vingekuwa ndiyo sehemu tamu ya hukumu.

Anyesi kaniletea ugali. Kasema kisimani wanawake wanaigiza. Mmoja anajitwika mtungi, mwingine anamwelekezea fimbo na kupiga kelele usiogope, mama, usiogope! Nikamuuliza kama wanaigiza vizuri. Kasema ndiyo, Mjomba. Sana.

Ijumaa, 17 Mei.

Wazee walikaa uani kwa wakwe. Wakaniambia nieleze bila chumvi. Nikaanza kwamba kitu kilichokuja kilikuwa kikubwa kama nyati. Matonya akauliza kwa upole kama namwita mama yake nyati. Nikaanza upya. Nilieleza yote kama yalivyokuwa, ni mara yangu ya kwanza kueleza kitu hivyo, na hadithi ilikuwa fupi mno. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu. Viko vichafu.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta wa tembe. Maneno yake aliyaleta Raheli, anasimama mlangoni, anasema, anarudi ndani. Kwanza: kondoo wa kuifuta aibu, na kibuyu kipya. Pili: kandili isifungwe tena kwenye bunduki, maisha. Itundikwe kwenye mti katikati ya shamba, kwa kuwa nguruwe wanakimbia mwanga, si mkwe. Wazee wakaitikia. Nikakubali yote kabla hawajamaliza.

Raheli akarudi ndani. Akatoka tena. Kasema mama anauliza kama nimekula tangu uji ule ulipomwagika.

Machozi yalinitoka mbele ya wazee wote. Nikasema ni moshi. Matonya akatazama huku na huku akitafuta moto, kisha akaniacha.

Jumapili, 19 Mei.

Raheli karudi jana na jungu lake. Ameniita Baba Filipo, kwa jina la mwanetu, kama zamani. Nimeapa moyoni kwamba mambo ya kandili kwenye gobori basi. Basi kabisa!

Kandili iko mtini. Usiku mzima nguruwe hawakukanyaga. Kila apitaye anaisifu. Kandili nzuri ya Mbwana! Akili nyingi za mama mkwe! Mimi niliyeitoa kandili stesheni sitajwi. Matonya kasema sasa dunguni hahitajiki mtu, taa inalinda na haikoromi.

Nimekaa nikafikiri mchana kutwa, badala ya kwenda kanisani. Neno la wazee nalikumbuka vizuri sana. Walisema kandili isifungwe kwenye bunduki. Hakuna mzee hata mmoja aliyekataza bunduki kufungwa kwenye mti wa kandili. Wala mtu hatakuwepo wa kuielekeza, kwa hiyo hakuna atakayeelekezewa! Kamba moja kutoka kwenye kifyatuo, ivutwe chini hadi kwenye kijia upande wa korongo. Nguruwe atajipiga mwenyewe, mimi niko nyumbani nakula na mke wangu.

Nimemwomba Raheli kamba ndefu ya mbuzi. Kauliza ya nini. Nimesema upepo unayumbisha kandili. Kanipa, tena kanisifu kwa kujali mali ya mama yake.

Kijia hicho watu nao hukipita, nalijua hilo, sikulisahau. Lakini watu wana akili, watanyanyua miguu.