Stendi ya Baiskeli na Mtamba wa Wegesa

Sospeter Makoye alifika Nyakunguru kutafuta dhahabu, akakuta kwamba ili uipate ni lazima ushuke shimoni na sururu. Alishuka siku mbili. Siku ya tatu akatangaza kuwa mgongo wake haukuumbiwa kazi hiyo, akahamia kuchimba mifuko ya watu, ambako hakuna kifusi.

Ndipo asubuhi moja, akikatiza kijiji cha Susuni na begi lake mgongoni, akamwona mama mmoja uani kwake amepindua baiskeli, usukani umezama kwenye tope, naye amepiga magoti akihangaika na mnyororo. Sospeter akasimama. Moyo wake ulifurahi kama wa mchungaji aliyeona kanisa limejaa.

Begini alikuwa na stendi ya kutengenezea baiskeli, ya chuma, ya kukunjwa, miguu mitatu na kibano cha kushika fremu. Aliinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtalii aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa moja tu, lakini kwa kuionyesha hiyo moja alikuwa ameshauza kumi na nne kule Machochwe, kwa malipo ya kutanguliza, mzigo ufike Jumatatu. Jumatatu ipi, hakusema. Kule alijiita Felix.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naitwa Simon. Mama, hiyo kazi unaifanya kama umehukumiwa."

Mama huyo aliitwa Wegesa, mjane mwenye baiskeli tatu za kupelekea maziwa Sirari. Aliinuka polepole, mkono kiunoni. Sospeter hakungoja kuulizwa. Alikunjua stendi, akainyanyua baiskeli, akaibana, na gurudumu likawa linazunguka usawa wa kifua. Wegesa akazungusha pedali kwa mkono. Mnyororo ukapanda wenyewe, bila mtu kupiga magoti.

"Ziko za namna ngapi?" akauliza.

Sospeter akatoa simu yenye picha. "Tatu. Kuna ya kupigilia ukutani."

"Ukuta wangu ni wa udongo. Utabomoka na baiskeli."

"Kuna hii fupi, inainua gurudumu la nyuma tu."

"Hiyo nitaendelea kuinama. Nitakuwa nimenunua nini?"

"Basi ni hii ya miguu mitatu."

Wegesa akaizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akaitikisa. Akaangalia kama kibano kina mpira ndani, kisichubue rangi. Akapima kwa macho kama ikikunjwa itaingia uvunguni. "Nati yake ikipotea, nitapata nyingine Sirari?"

"Hadi za ziada," akasema Sospeter, ambaye hakuwahi kuiangalia hiyo nati. "Unatanguliza nusu, Jumatatu unaletewa."

"Mimi nataka hii ninayoiona."

"Hii ni ya maonyesho, mama. Haiuzwi."

"Na hela sina, mimi ni mjane. Ninachoweza kutoa ni mtamba."

Sospeter akageuka. Kando ya boma alisimama mtamba mwekundu, amenenepa, na hereni ya namba sikioni. Kwa bei ya ng'ombe yule, mtu angenunua stendi kama ile saba, na chenji ya soda. Akajitahidi kuonekana mtu anayeumia.

"Kwa sababu wewe ni mjane," akasema, "acha nipate hasara."

"Mungu akubariki. Basi twende kwa mtendaji wa kijiji atuandikie, wewe jina na kitambulisho, upewe na kibali cha kumswaga."

Kitambulisho kilimwita Sospeter. Wegesa alimjua kama Simon. Machochwe walikuwa wakimtafuta Felix. Watu watatu hawawezi kutia sahihi moja.

"Mama, karatasi ni za watu wasioaminiana."

"Ni utaratibu wa huku, baba. Mimi nakushauri tu."

"Nimekuamini. Hakuna haja."

Wegesa akaivuta stendi upande wake. "Haya. Umekataa mwenyewe." Akamfungulia mtamba kamba.

Sospeter alitembea akipiga mluzi hadi kizuizi cha barabara ya Sirari. Hapo aliketi mgambo aitwaye Mniko, mtu mpole mwenye kirungu, na nyuma yake wanaume sita ambao mwezi uliopita waliibiwa ng'ombe.

"Mura, kijana wangu, kibali kiko wapi?"

"Nimemnunua sasa hivi. Kwa Wegesa."

Mniko akasoma hereni, akapiga simu, akaweka spika wote wasikie.

"Wegesa, umeuza mtamba?"

"Kuna kijana tulipatana vizuri," ikajibu simu, "lakini alikataa kuandikwa jina. Sasa nitasema nimemuuzia nani? Mwulizeni anaitwaje, kisha mumpeleke kwa mtendaji. Akiandikwa, ng'ombe ni wake."

Wale sita wakasimama, bila haraka. Mniko akafungua daftari. "Jina?"

Jasho likamtoka Sospeter, lile alilolikimbia shimoni. Mmoja wa wale sita alikuwa akisema ana shemeji Machochwe, na kwamba huko kuna tapeli wa baiskeli anasakwa. Akaitazama kalamu. Akamtazama mtamba. Akaiachia kamba taratibu.

"Afande, huyu mnyama si wangu. Alikuwa ananifuata tu njiani."

"Anakufuata?"

"Tangu Susuni."

Mniko akafunga daftari. "Basi muage," akasema, "urudi ulikotoka. Maana tukikuona tena anakufuata, tutaandika."

Sospeter Makoye, mbele ya watu saba, akamuaga ng'ombe.