Feni Nne Zinazotazama Ndani

Jumatatu, 9 Machi

Barua imekuja. Maktaba ya wasioona imekataa rekodi ya mke wangu. Si sauti yake. Sauti wameisifu, wamesema imetulia na kila neno linasikika. Walichokataa ni mngurumo ulioko nyuma yake. Wameuliza, kwa adabu zote, kama anarekodia jirani na mashine ya kusaga.

Mashine ya kusaga ni kompyuta yangu.

Naitumia kuhariri video za harusi. Ina nguvu sana. Chenye nguvu huchemka, na kinachochemka hupuliza. Mke wangu anarekodia humo humo, chumba kimoja, makoti yetu yote yametundikwa ukutani ili yanyonye mwangwi. Wamempa nafasi moja tu: sura ya kwanza nzima, safi, kabla ya Jumamosi adhuhuri. Akishindwa, kitabu anapewa msomaji mwingine.

Hakulia. Aliikunja barua mara nne akaitia kwenye droo ya vijiko. Mama yake anaishi nasi, na haoni tangu mwaka juzi. Ndipo mke wangu alipoanza kusoma kwa sauti. Kwa hiyo hili si jambo dogo, na mimi nalijua.

Jioni akapita shemeji. Mdogo wake mke wangu, fundi kompyuta. Nani alimwita? Akaweka kiganja juu ya kompyuta kama anampima mtoto homa. Akasema feni zangu ni ndogo, ndiyo maana zinakimbia na kupiga kelele. Feni kubwa ikizunguka taratibu inahamisha hewa ile ile kimyakimya. Moja mbele ivute hewa, moja nyuma iitoe. Halafu nisafishe vumbi.

Nikamshukuru. Nikamwambia nitalimaliza mwenyewe. Najua, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini huyu nimemzidi miaka tisa. Si mkuu wa mtu humu ndani.

Jumanne, 10 Machi

Duka la vipuri. Muuzaji ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Amenionyesha kwamba kila boksi la feni lina namba mbili: ya hewa inayohamishwa na ya kelele inayopigwa. Ukitaka hii ipande, na ile inapanda nayo.

Nikakaa kwenye kigoda chake nikatafakari. Kumbe maisha yote ndiyo haya! Anayefanya kazi nyingi hupiga kelele nyingi. Mimi mwenyewe ni ushahidi. Tatizo ni mke wangu, anayefanya kazi kutwa nzima bila kusikika. Nimemgeuza huku na huku, hakai katika nadharia yangu. Nikamwacha nje.

Nimechukua feni ndogo, zile za kimya kuliko zote dukani. Nne! Mzee akasema hizo ni kimya kwa sababu hazifanyi kitu, afadhali nichukue moja kubwa. Maneno ya shemeji matupu. Nikamweleza kwamba watu wanne wakinong'ona hakuna anayewasikia. Akajibu kwamba alifundisha shule miaka thelathini, na darasa likinong'ona mwalimu husikia vizuri sana.

Sikubishana. Mtu anayefunga miwani kwa uzi atanishauri nini kuhusu ufundi?

Jumatano, 11 Machi

Nimezifunga tangu asubuhi. Bisibisi moja, mikono miwili, akili nyingi.

Nilipata swali zito: zitazame wapi? Shemeji anataka nyingine zitoe hewa. Kutoa! Yaani uhangaike kuingiza hewa baridi, halafu uifukuze? Nimezifunga zote nne zikitazama ndani. Hewa ikishaingia haina pa kwenda, basi baridi inabaki humo, kama chupa ya chai, ila kinyume chake. Vumbi sijaligusa. Vumbi ni blanketi, linameza sauti.

Kimya! Mke wangu alinitazama kwa macho ambayo sijayaona siku nyingi. Akavuta kiti, akafungua kitabu. Ni habari za mjane anayekwenda kudai shamba lake. Akasoma kurasa kumi na moja bila kukosea hata silabi. Mimi niko mlangoni, kifua mbele.

Kompyuta ikazimika. Pap.

Tukaigusa, ikatuunguza. Kurasa zote kumi na moja zimepotea, hakuna hata sentensi moja iliyobaki. Mke wangu akafunga kitabu, akasema, "Basi." Neno hilo tu. Akaenda kumenya viazi. Laiti angenitukana. Matusi ningeyajibu.

Alhamisi, 12 Machi

Mfa maji haachi kutapatapa, lakini mimi sijafa, nina wazo jipya. Niliamka nalo.

Nimerudisha feni za zamani, zile zinazonguruma, nikaziunganisha na kitasa cha kuongeza na kupunguza kasi. Mpango: nakaa chini ya meza nimeshika kitasa. Mke wangu akisoma, nazipunguza mpaka zinyamaze. Akifika kwenye nukta, nafungulia, kompyuta inapumua, nafunga, anaendelea. Kwa nini watengenezaji hawakuliwaza hili?

Sababu nimeijua saa nne asubuhi. Mwandishi wa kitabu hiki hapendi nukta. Anaweka mkato, halafu mkato, halafu "ambaye", halafu mkato tena. Mjane amefika mlangoni kwa kaka wa marehemu, ameinua mkono abishe hodi, sentensi inakwenda tu, kompyuta inachemka mpaka nanusa plastiki, nukta haionekani! Nikamvuta mke wangu sketi. Akaruka. Mjane hakubisha hodi.

Tulisikiliza tulichopata. Kila nukta inakuja na tufani. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye korido na fimbo yake, aliuliza kwa nini kijiji kile kina upepo mkali hivyo, na watu wake wanaishije.

Mke wangu alitoka akakaa naye. Niliwasikia. Alimwambia mama yake kwamba alitamani kitabu hiki kiwe chake, kwamba kila akisoma anajiona anamsomea yeye na wengine wote wanaokaa kwenye korido kama ile. Akasema labda haikuandikwa. Nilikuwa bado chini ya meza. Nikabaki huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Ijumaa, 13 Machi

Siku ya mwisho kamili. Nimeifunika kompyuta kwa kipande cha godoro, pande zote, nikatoboa matundu matatu ya kupumulia. Kelele zilipungua kweli. Moshi ukaanza kutokea matundu yote matatu.

Mke wangu akachukua simu akampigia mdogo wake. Mbele yangu! Hakunificha hata kwa kugeuza mgongo.

Shemeji amekuja na feni moja, pana kama sahani ya wali. Nikamwambia haitapata pa kukaa. Akabandua kibati cha mbele, kile nilichodhani ni pambo, na nafasi yake ilikuwa pale tangu kiwandani. Akaitia. Akachukua moja ya zile nne zangu, akaifunga nyuma, imetazama nje. Akasugua vumbi kwa brashi ya rangi. Limetoka la kujaza kofia. Akasema hewa ni kama wageni, ukiwafungulia mlango wa kuingia uwafungulie na wa kutokea, la sivyo mtapikana humo ndani. Nikamwambia nilikuwa naelekea huko huko. Akaitikia, "Sawa, shemeji." Ile "sawa" yake siipendi.

Akaiwasha. Sikusikia kitu. Nikadhani imekufa. Nikainama, kumbe inafanya kazi, ile feni kubwa inazunguka pole kama mtu asiye na deni.

Nyumba ikawa mpya. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia fimbo ya mama mkwe ikigusa sakafu. Mke wangu akaanza kusoma, mimi nikasimama korido, na niandike ukweli kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: sikuwa nimemsikia. Kwa miaka. Nilijua kwamba anaongea, lakini kati yake na mimi kulikuwa na mashine, na mashine ikinyamaza, nilikuwa naongea mimi. Ana sauti nzuri mno. Mjane alipobisha hodi, machozi yalinitoka. Ni lile vumbi la shemeji.

Jumamosi, 14 Machi

Amemaliza saa nne, ametuma. Tukasubiri. Mimi nilisubiri kwa miguu, kutoka mlangoni hadi dirishani.

Jibu limekuja saa nane. Wamekubali! Kitabu chote ni chake. Nikaruka. Mke wangu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kulikuwa na sahihisho moja. Ukurasa wa thelathini na moja, baada ya neno "shamba", anasikika mwanamume akisema, "Mnasikia? Kimya kabisa! Ni feni yangu ile ya nyuma!" Wanaomba ukurasa huo usomwe upya. Wanauliza pia kama bwana huyo ni mhusika wa kitabu, maana hawamwoni kwenye nakala yao.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, si kwa hilo, nikacheka nami. Mama mkwe ameisikiliza sura nzima, akaomba irudiwe. Alisema yule bwana asiondolewe, kwani ndiye pekee mle ndani anayemfahamu.

Sura ya pili inarekodiwa kuanzia kesho. Nimeombwa, kwa upole, nikakae jikoni.

Jumapili, 15 Machi

Niko jikoni. Saa tatu asubuhi. Nina utulivu wa kufikiri.

Debe tupu haliachi kuvuma, na wiki hii debe lilikuwa mimi. Naliandika bila kulazimishwa. Tangu leo nitawasikiliza wanaojua. Sitagusa nisichokielewa. Nitajifunza kukaa kimya kama feni kubwa.

Nimekaa kimya. Robo saa.

Na katika kimya hicho nimesikia kitu. Mngurumo. Mdogo, lakini upo, na ukuta kati ya jikoni na chumba cha kurekodia ni mwembamba. Mke wangu hajausikia bado. Maktaba wataunasa!

Ni friji. Nimeivuta taratibu, nimefungua kibati cha nyuma, skrubu sita. Sikuamini macho yangu. Feni moja tu, na inapuliza nje. Nje! Baridi yote ya nyumba hii inatupwa ukutani miaka yote, na fundi aliyeiuza hakusema neno.

Nimeigeuza itazame ndani. Na zile tatu zangu zilizobaki zimepata pa kukaa. Shemeji anakuja kula mchana. Sitamwambia kitu, nataka ajionee mwenyewe.