Kivuli cha Kilomita ya Saba

Jumatano, 4 Septemba

Nimeamua. Jumamosi tunatembea pwani ya miamba myeusi, kilomita kumi na mbili za volkeno, kutoka mnara wa taa hadi ghuba ndogo. Mimi na mke wangu. Mara ya mwisho tulipita huko na wenzetu wa ofisi ya upimaji, miaka thelathini na moja iliyopita. Mimi mchora ramani, yeye mpiga chapa. Ofisi ilikuwa juu ya duka la matairi. Hadi leo nikinusa mpira mpya nakumbuka blauzi yake ya njano.

Amesikiliza mpango wote huku akichambua mchele. Akauliza swali moja. Saa sita, jua la utosi, atakaa wapi? Kama hakuna kivuli, atakwenda ghubani kwa gari na kaka yake, na mimi nitawakuta huko nikishaiva.

Kaka yake alikuwa kwenye kochi langu, akinywa chai yangu. Alifundisha jiografia, kwa hiyo anadhani volkeno zote ni mali yake. Akasema, "Shem, kule hata mjusi anatafuta kofia."

Nikateremsha ramani yetu ya zamani kutoka juu ya kabati, nikaitandaza mezani. Kilomita ya saba: kiduara safi, na neno Kivuli. Ramani ya serikali hiyo. Shemeji akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Mke wangu akakitazama kiduara kwa muda, akasema basi atatembea.

Ushindi. Chai imenoga.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimempigia Rula, niliyekaa naye meza moja ofisini miaka tisa, kumwalika. Hawezi, goti. Nikamwambia asihofu, tutapumzika kwenye kivuli cha kilomita ya saba. Akacheka mpaka akakohoa. Akanikumbusha kwamba pale hapakuwa na kitu. Si mti, si jiwe linalozidi goti. Kivuli nilikiweka mwenyewe, kwa kalamu yangu, siku moja baada ya chakula cha mchana.

Nikamwuliza kwa nini nilifanya hivyo. Akasema nijiulize mwenyewe, yeye alikuwa anachora barabara.

Nimekaa jikoni nikifikiri. Kuna njia mbili: kuungama, au kupeleka kivuli kule kabla ya Jumamosi. Nikiungama, shemeji atakula kwa hadithi hiyo mpaka azikwe.

Nimeazima turubai kwa fundi magari.

Ijumaa, 6 Septemba

Kasoro moja ya mpango: mwenye gari ni shemeji. Nikamwambia twende tukakague njia. Akatazama turubai, kamba na fito nne, akasema ukaguzi huu una mizigo.

Kutoka barabarani ni mwendo wa nusu saa. Nilibeba fito. Mwamba ule hauchimbiki. Nimevunja mtaimbo wa watu. Tukarundika mawe kushikilia fito. Shemeji akauliza kama hicho ndicho kivuli cha serikali. Nilingoja kicheko, hakikuja. Alianza kufunga kamba, na lazima niandike ukweli: anafunga vizuri. Akasema dada yake hajaongelea safari yoyote tangu watoto wahame, na wiki hii anaiongelea hata akiosha vyombo. "Usimfikishe pale ukamwonyesha hewa, shem."

Saa tisa upepo ukatoka baharini. Turubai likapanda juu, likageuka mara moja, likaondoka kama lililoitwa. Tulilifuata kwa macho hadi likatua majini. Nikabaki nimekumbatia ufito mmoja.

Shemeji amenishauri nimwambie mke wangu leo. Badala yake nimemwapisha asiseme neno.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumeanza mapema. Ardhi ile ile, nyeusi, imekunjamana kama sukari iliyoungua. Yeye mbele, mimi nyuma, kama zamani. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Kila kilomita roho yangu ilishuka ngazi moja.

Kilomita ya tano nikaanza kuchechemea na kupendekeza turudi. Baada ya hatua mia moja akaniambia, bila kugeuka, kwamba kwa mlio wa viatu vyangu maumivu yamehama kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia.

Kilomita ya saba. Jua la utosi. Hakuna kitu. Nikaanza kueleza kwamba miti huzeeka, watu hukata kuni. Akafungua mkoba, akatoa mwavuli, akauchomeka kati ya mawe mawili na kukaa. Akapigapiga kwa kiganja mahali pembeni yake, nikae.

Kumbe alijua siku zote. Yeye ndiye aliyepiga chapa orodha ya majina ya ramani ile. Wiki moja nilikwenda mezani kwake mara tatu kumwomba aongeze mstari mmoja: kwanza Kilima Kidogo, kisha Jiwe Refu, kisha Kivuli. Tulipokuja kutembea na ofisi nzima alivitafuta vyote vitatu, hakuona hata kimoja. Ndipo akaelewa shida yangu haikuwa ramani.

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa.

Nikamwuliza kwa nini basi alikubali kuja. Akasema alitaka kuona kama bado naweza kuhangaika hivyo.

Mwavuli ni wa mtu mmoja. Tulikaa bega kwa bega hadi saa nane. Upande wangu wa kulia umeungua.

Jumapili, 8 Septemba

Sikio linababuka. Shemeji amekuja kunywa chai yangu na kuuliza habari za kivuli. Dada yake akamjibu kwamba kilikuwepo, kilitutosha. Shemeji akanitazama kwa heshima ambayo sikumzoea nayo.

Alipoondoka nikatandaza ramani na kuchukua wembe ili nikikwangue kile kiduara. Uongo wa miaka thelathini na moja unatosha. Mke wangu akapita na kapu la nguo. Akasema mwakani angependa kutembea tena, ila kilomita ya tisa pangekuwa na benchi, ingekuwa vizuri zaidi.

Nimemwambia lipo. La mawe, linatazama bahari.

Kalamu imekauka. Kesho nanunua wino.