Riwaya Iliyosafirishwa Hadi Taveta

Mwaka wa 1956, Voi nzima ilikuwa na mwandishi mmoja tu wa riwaya, na huyo mmoja alikuwa haandiki!

Jina lake Phineas Mwandawiro, karani wa shamba la mkonge, bwana wa tai shingoni hata jua likiwa la kupasua mawe. Miaka miwili nyuma alisoma sura mbili za kitabu chake kanisani, watu wakapiga makofi mpaka popo wakahama dari. Sura ya pili ilimwacha shujaa, Mghanga, juu ya mgunga, simba chini anamngoja. Hapo kalamu ikagoma. Gii!

Ikawa balaa. Akienda kwa kinyozi: "Bwana Phineas, Mghanga ameshuka?" Akienda sokoni: "Jamani, mtoto wa watu atakufa njaa huko juu!" Mama mmoja muuza kabichi kutoka Werugha alimwombea Mghanga kanisani kwa jina, kabla hata ya wagonjwa!

"Jumapili hii nasoma sura ya tatu!" Phineas akajitapa kwa Mwalimu Thadeus, kiongozi wa kanisa. "Imekwisha iva, bado kuipakua tu!"

Hakuwa na hata nukta.

"Baba Elsie," mkewe Dinah akamwambia, "si ukae uandike?"

"Niandike wapi? Huku kuku, kule mtoto, nawe unatwanga! Riwaya inataka kimya, mama. Kimya cha kifalme!"

Jumamosi asubuhi akabeba karatasi na penseli, akaenda stesheni. Kwenye reli ya pembeni palikuwa na behewa tupu la mizigo. Akaingia, akakalia gunia, akauvuta mlango. Kitundu cha juu kilimpa mwanga wa kutosha. Punde si punde mtu akapiga komeo kwa nje. Kwa!

"Ahsante!" Phineas akaitikia. Naam, hata makuli wanamheshimu mwandishi!

Akaandika neno la kwanza. Behewa likatikisika. La pili, sakafu ikanguruma. Wee! Nywele zikamsimama.

"Msukumo umekuja!" akapiga kelele. "Ardhi yenyewe inatetemeka!"

Basi akaandika kama aliyepandwa na pepo. Mghanga akashuka mtini, akamshika simba masharubu, akamfunga kwa mkanda wa suruali, akamwoa binti wa chifu, akajenga nyumba ya bati! Phineas akacheka peke yake, akalia, akajipigia makofi. Tangu azaliwe hakuwahi kuonja raha kama ile. Karatasi ya mwisho ilipojaa, dunia ikatulia, na mlango ukafunguliwa.

"Nani wewe?" akauliza Mutiso, karani wa mizigo. Nyuma yake ndizi zimepangwa kama mlima.

"Mwandishi. Na ndizi zote hizi Voi zimetoka wapi?"

"Voi? Bwana, hapa Taveta!"

Phineas akaketi tena juu ya gunia, lakini kiburi kilibaki kimesimama. "Sikiliza hii kwanza, ndugu yangu, ujue umemfungulia nani!"

Akainua karatasi. Akakohoa. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaipindua juu chini. Lahaula! Njia nzima penseli ilikuwa inarukaruka na behewa. Herufi hakuna, ila michirizi tu, kama kuku mlevi amecheza ngoma juu yake.

"Soma basi," Mutiso akasema.

"Mghanga... Mghanga ali... ali..." Machozi yakamlengalenga.

Mutiso akamwonea huruma, lakini kazi ni kazi. "Tiketi huna, kwa hiyo abiria si wewe. Ulikuja kama mzigo, utarudi kama mzigo." Akamfunga kibandiko cha mzigo kwenye kifungo cha koti, akampakia katikati ya mikungu ya ndizi.

Jumapili mchana treni ikaingia Voi. Simu ya stesheni ilikuwa imeshatangulia, na kanisa zima, Mwalimu Thadeus mbele, lilihamia pale na kwaya yake. Phineas akateremka, tai mgongoni, ganda la ndizi begani, kibandiko kifuani. Sauti ya kwanza ikashindwa kuimba, ya pili ikafuata, kwaya yote ikaangua kicheko!

Karani wa stesheni akamletea Dinah hati ya kupokelea mizigo.

"Mama, kabla hujatia sahihi, ukague mzigo wako. Kama umeharibika njiani, useme."

Dinah akamzunguka mumewe taratibu, akamtazama kutoka kisogoni hadi viatuni, kisha akachukua kalamu.

"Wala hamna kosa, baba," akasema. "Huu ulitoka nyumbani hivi hivi."