Simu ya Kumnyamazisha Mkwe

Jumatatu, 4 Novemba

Ayak anaolewa Jumamosi. Mjukuu wangu, niliyemlea kambini Kakuma kwa uji na viboko, nikamrudisha Juba akiwa ameshanipita kimo. Nimemtungia wimbo. Kwetu bibi asiyemwimbia mjukuu siku ya kutoka nyumbani, afadhali asije kabisa.

Tatizo ni Athok, bibi wa bwana harusi. Naye ataimba. Ana koo la ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Nikisimama karibu naye, watu watadhani natafuna tu.

Nitafikiri.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefikiri. Nimekwenda kwa Kato, Mganda mwenye duka la muziki hapa Hai Mauna, ndiye atakayepiga harusini. Nikamkuta nje kivulini anachezea simu, na muziki mle dukani unapanda na kushuka wenyewe. Nikauliza kama amefuga shetani. Akacheka, akaniita bibi kwa Kiganda chao: "Hapana, jaja, muziki iko kwa kompyuta. Simu inaiamuru tu."

Hakuna waya. Simu na kompyuta zikiwa kwenye waifai moja, zinasikilizana kuliko mke na mume. Kwenye kioo kuna vijiti vya rangi, kila maikrofoni na chake. Ukisukuma juu, sauti inakua. Ukivuta chini, mtu amekwisha.

Nikauliza cha Athok kitakuwa rangi gani.

Jumatano, 6 Novemba

Kato amekataa. Eti hiyo si kazi ya bibi. Nikamwambia siku ya harusi atakaa kule mbele, spika zitamziba masikio, sasa nani atamsikilizia upande wa akina mama? Nikamwachia swali hilo na sufuria ya matoke. Alipomaliza kulamba vidole, simu yangu ilikuwa imeunganishwa.

Mimi ni njano, Athok ni nyekundu. Shule sikuiona, kusoma kwangu ni kitabu cha nyimbo cha kanisani, lakini mtu aliyekua akichunga ng'ombe hafundishwi rangi. Kuna alama nyingine nyingi pembeni. Kato amesema nisiziguse, na nikimaliza nifunge kioo. Nikasema ndiyo, ndiyo.

Alhamisi, 7 Novemba

Mazoezi. Nikavuta nyekundu chini, kidogo tu. Athok akafifia. Akashika koo, akasema uzee umemfikia. Moyo ukaniuma, mimi si mtu mbaya. Nikampelekea aradeb, ukwaju wetu, anywe wa moto na asali. Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Kisha nikamvuta tena.

Ijumaa, 8 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Spika hazimsaidii, basi Athok sasa anaimba kutoka tumboni. Nikivuta, anaongeza. Mwishowe akaniambia, mkwe wangu, koo hili ni la kulizoeza, nifundishe na wimbo wako. Nikamfundisha wote. Hakuna madhara. Nani atamsikia?

Jumamosi, 9 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Uwanja wa kanisa, Buluk. Watu wamejaa. Nyekundu nikaivuta mpaka mwisho, njano nikaisukuma juu. Simu nikaisokomeza kifuani, ndani ya lawo, lile vazi letu la kufunga begani, pale mwanamke anapoweka kila kitu cha maana. Kufunga kioo? Maharusi wanaingia, nani ana nafasi hiyo?

Nikaanza. Sauti yangu ilijaa Buluk yote. Kisha nikaruka. Wimbo wa harusi kwetu hauimbwi umesimama kama nguzo ya umeme. Unaruka, na kifua kinaruka nawe, na kifuani palikuwa na simu.

Mruko wa kwanza, muziki ukaanza kukimbia. Wageni wakaruka mbio kuufuata, miwani ya mchungaji ikaenda zake. Mruko wa pili, sauti yangu ikazama, nikabaki nafungua mdomo kama samaki. Mruko wa tatu, kimya kabisa. Kato kule mbele anagonga simu yake, hajui anashindana na nani.

Ayak akaniangalia kutoka ndani ya veli. Wimbo wake umekatika katikati. Mimi pumzi sina.

Ndipo Athok akaushika. Bila maikrofoni, koo limelainishwa na ukwaju wangu, akauimba mpaka mwisho: jina la marehemu mama yake Ayak, uji wa Kakuma, kila neno. Walisikia hadi barabarani. Ayak akalia kile kilio kizuri. Nami nikapiga vigelegele. Mdomo ulinisaliti.

Wageni wote wakampongeza Athok kwa wimbo wake. Wake!

Jumatatu, 11 Novemba

Ayak amepiga simu kutoka Mangateen, kwa mumewe. Amesema, shosho, nilijua ni wimbo wako, nani mwingine angeniita kichwa cha fahali mbele ya mchungaji? Nikacheka, nikalia, nikamuuliza kama anakula.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini Athok naye amepiga. Wanamtaka aimbe kanisani Jumapili, na anaomba nisimame kando yake, nimwitikie. Nimwitikie!

Nimekwenda kwa Kato, ndiye atakayepiga kanisani pia. Bado hajajua ni simu gani iliyomharibia, na amefurahi kwamba bibi kama mimi anapenda teknolojia. Tumeunganisha upya. Kosa nimeliona: ni kifua, kinaruka sana. Jumapili nitaiweka chini ya kitambaa cha kichwa. Kichwa changu siku zote kimetulia.