Mshenga wa Namba 31

Jumatatu, 12 Oktoba 2009. Farsta
Ni kweli, anakuja. Bwana Hisanaga wa Japani, prodyuza wa yale magemu marefu ya mashujaa na majoka, yale ambayo kila mwanakijiji unayekutana naye anakutuma ukamtafutie kuku wake. Jumamosi atakuwa kwenye maonyesho hapa Stockholm, anapokea watu mmoja mmoja kwa namba, dakika tatu tatu. Nimepata namba 31. Naingia na daftari, natoka na kazi. Miaka sita ya kupiga deki hospitalini Flemingsberg inatosha.

Gemu langu liko tayari. Yaani, limeandikwa. Kurasa 214. Shujaa ni kijana mtanashati wa Buyenzi, mtaa niliozaliwa, aitwaye Gilles, jina la muda tu. Dada yangu mdogo, Belyse, kasoma ukurasa wa kwanza, akasema, kwa Kiswidi kama kawaida yake, kwamba shujaa anasifiwa sana na hafanyi kitu. Watoto waliozaliwa huku hawana subira.

Jumanne, 13 Oktoba
Balaa. Félix wa ghorofa ya chini, yule anayeuza magemu dukani Vällingby, ana namba 32. Nyuma yangu! Nikamuuliza ataomba nini. Akasema kazi yoyote. Yoyote! Mtu mzima hana hata aibu.

Mimi nimechapisha kadi mia mbili: Gilles, Prodyuza Mkuu. Namba ya simu nilisahau kuitia. Nimeiandika kwa mkono kwenye kadi zote mpaka kidole kikafa ganzi.

Alhamisi, 15 Oktoba
Nimeamka na wazo. Kwetu mtu haendi kuposa mwenyewe, anatuma mshenga. Kwa nini basi nikaombe kazi kwa mdomo wangu kama mtu asiye na kwao? Nikamwendea Mjomba Juvénal. Mjomba amewaposea watu wasichana kumi na mmoja na amekataliwa mara moja tu, na familia ile inajuta mpaka leo, kwa maelezo yake.

Belyse akamuuliza kama anajua dakika tatu ni nini. Mjomba akajibu kwamba hajawahi kuharakishwa na hataanza leo. Nikalichukua hilo kuwa ni ndiyo.

Jumamosi, 17 Oktoba
Tumeingia. Suti ya Mjomba imepigwa pasi mpaka inang'aa. Mimi kimya pembeni, macho chini, kama bwana harusi.

Mjomba akaanza kwa Kiswidi chake cha taratibu, mkalimani akifasiri. Akafikisha salamu za ukoo wetu, tawi kwa tawi. Akauliza safari ilikuwaje. Akauliza hali ya mama mzazi wa Bwana Hisanaga, na kama huko kwao mvua zimenyesha vizuri. Kengele ikalia. Kazi haijatajwa! Daftari bado liko kwapani! Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini Mjapani alikuwa anafuta miwani. Akasema amekaa pale tangu asubuhi, watu wanamtupia madaftari, hakuna hata mmoja aliyemuuliza habari za mama yake. Mama hajambo, magoti tu. Akaagiza kahawa na vile vitumbua vya Kiswidi vya mdalasini.

Kisha akatusimulia maisha yake. Alianza na miaka ishirini na miwili, kazi ya kugonga kuta. Kweli kabisa. Anamtembeza shujaa ndani ya gemu na kumgongesha kwenye kila ukuta, kila mlango, kila pipa, aone wapi gemu linaharibika. Miaka minne hiyo. Akapanda, akaandika maneno wanayosema wenye maduka humo ndani ya gemu. Akapanda tena, akasimamia uchoraji wa mapango. Uprodyuza aliupata na miaka arobaini na mmoja. Nimeandika yote nyuma ya kadi zangu. Hadithi tamu sana.

Kahawa ya tatu, Mjomba akataja shida yetu. Bwana Hisanaga akafurahi, akaandika kikaratasi: hapa hapa mjini kuna ofisi ndogo inayompimia magemu, wanahitaji mtu mmoja, aanze Jumatatu saa mbili asubuhi. Kazi gani? Kugonga kuta.

Nikakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Moyoni nilihisi nimetukanwa. Mtu mwenye kurasa 214 akagonge mapipa?

Nje nikamkuta Félix. Dakika zake zote zilikuwa zimeliwa na Mjomba, pamoja na za watu saba nyuma yake. Alikaribia kulia. Nikamwonea huruma, nikampa kile kikaratasi. Mjomba akashika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani ukarimu wangu ulimgusa.

Jumatatu, 19 Oktoba
Félix kapanda hadi mlangoni kwangu alfajiri na chakula chake kwenye kopo, anaimba, akanishukuru mara tatu. Maskini. Mimi nikapanda treni kwenda kupiga deki.

Jioni Belyse akaniomba nimsomee nilichoandika nyuma ya kadi. Nikasoma chote, kugonga kuta, maduka, mapango, arobaini na mmoja. Akauliza, safari hii kwa Kiswahili, kama kuna kitu nimekisikia humo.

Nikamwambia nimesikia vizuri sana. Mtu na akili zake kapoteza miaka kumi na tisa. Kosa lake ni moja tu, hakuwa na mjomba. Kesho natoa kadi mpya, Gilles, Mkurugenzi wa Maprodyuza, na Mjomba naomba tumkatie tiketi ya Japani.