Idara ya Mabadiliko ya Maji

Kwa heshima na taadhima, sisi wakazi wa Malindi tuliarifiwa mwaka wa themanini na nne kwamba maji yetu yamepanda cheo. Idara ya Mabadiliko ya Maji ilimleta Bwana Gerishom kutoka bara, tai imembana shingo katika jua lile, akatufumbua macho. Wataalamu wa ng'ambo wamegundua kuwa maji yale yale yaweza kuwa ya namna mbili, mepesi na mazito, bila kuganda wala kuchemka. Kwa hivyo yale ya kahawia yaliyotoka mabombani mwetu, na viluwiluwi vyake, hayakuwa machafu. Yamevuka hali tu. Neno "uchafu" likapigwa marufuku.

Tulishukuru sana. Wajinga sisi tulidhani bomba limepasuka.

Yale mepesi, maangavu, yalibaki katika tangi la nyumba ya Bwana Gerishom, kwa utafiti.

Mastura, aliyejifungua karibuni, alisimama na mtoto begani, harara imemjaa mtoto shingo nzima.

"Bwana Afisa, huyu akoge nini?"

"Mama, maji ni maji. Ni hali tu."

"Basi nawe koga hayo mazito."

"Mimi ni mtafiti."

Maalim Athman wa msikitini akakohoa. "Sisi twatazama rangi, ladha na harufu. Yakigeuka hayo, hatutawadhii. Hayo yako tutajuaje kama hayajavuka?"

Bwana Gerishom akafurahi kuulizwa swali la kisomi. "Lango langu li wazi! Anayetaka kuhakikisha, aje apime mwenyewe!"

Tukaja. Kuhakikisha kwahitaji vyombo. Wanaume walitawadha, na wenye udhu wakatawadha tena kwa ajili ya sayansi. Wanawake tulipima kwa ndoo, mitungi na masufuria ya pilau. Dzombo, askari wa lango, alitutwika, maana mkewe ndiye aliyekuwa mbele ya foleni. Kufikia alasiri tangi lilikuwa likilia kama ngoma.

Jioni Bwana Gerishom alijipaka sabuni kichwa kizima, ndipo akafungua bomba; tangi tupu, yakaja yale mazito ya mtaani.

"Uchafu gani huu!" Mtaa mzima tulimsikia akivunja sheria.

Akaja kwa Mastura na taulo kiunoni, macho kayafumba, akipapasa ukuta.

"Mama, nisaidie maji safi kidogo."

Mastura alikuwa ameinamia karai, akimmiminia mwanawe kwa kata, polepole, nyuma ya masikio, kisha katika mikunjo ya shingo.

"Ngoja hapo, mtafiti. Mwenye harara kwanza."